Nani Aling'oa Pamba ya Nandete?

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walirudi makwao likizo wakiwa na kazi moja: kuwasikiliza wazee. Wakiongozwa na mhadhiri John Iliffe na mtafiti Gilbert Gwassa, waliulizia Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, kwa watu waliovishuhudia utotoni au kusimuliwa na baba zao. Ilikuwa kazi ya watu wazima, lakini ndani yake mna somo zuri kwa mtoto wa darasa la tano.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mashina machache ya pamba. Vita vikaanza. Mtoto atauliza: pamba tu? Mwalimu asikimbilie kujibu. Aweke mezani maelezo mawili.

La kwanza ni la Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeviandikia vita hivyo kitabu mwaka 1909 na kuwatupia waganga lawama nyingi. La pili ni la wazee. Wao walitaja kulimishwa pamba kwa nguvu, viboko, ujira wa kudhihaki na ukali wa maakida. Dawa ya maji ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, aliyenyongwa Agosti 1905, hawakuikana. Ila katika masimulizi yao iliwaunganisha watu ambao tayari walikuwa wamechoshwa.

Hapo darasa litagawanyika, na liachwe ligawanyike. Gavana alikuwa na utawala wake wa kuutetea mbele ya wakubwa Ujerumani. Mzee naye alizungumza na kijana msomi wa nchi iliyojitawala kwa miaka saba tu. Kila mmoja alikuwa na msikilizaji wake, jambo ambalo vitabu vya kiada huliruka vikiwahi sababu tano na matokeo matano ya kukariri.

Si lazima chanzo kiwe maandishi. Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, lipo kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa Februari 27, 1906. Mmoja wa viongozi wao, Nduna Songea Mbano, ana kaburi lake peke yake. Mtoto akisimama pale ataona tofauti hiyo kabla hajaambiwa, na swali litatoka kwake: kwa nini huyu kazikwa kando?

Idadi ya waliokufa nayo ina ubishi. Wajerumani walikadiria Waafrika 75,000. Gwassa alifika kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni njaa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na chakula kilichohifadhiwa. Mwalimu anaweza kuandika takwimu zote mbili ubaoni, kisha akauliza: aliyekufa kwa njaa baada ya ghala lake kuchomwa, ahesabiwe kuwa aliuawa vitani?