Kutoka Kikwit hadi Beni: Historia ya Tiba ya Ebola Iliyotokana na Damu ya Manusura

Mwezi Juni 1995, mlipuko wa Ebola wa Kikwit, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, ulikuwa ukielekea kumalizika. Wagonjwa wanane waliongezewa damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao wakanusurika, ilhali katika mlipuko mzima takribani wanne kati ya kila watano walifariki. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekutana na ugonjwa huo Yambuku mwaka 1976, aliona hapo dalili ya tiba.

Wataalamu wengi wa nje hawakushawishika. Pingamizi lao lilikuwa na uzito: hapakuwa na kundi la kulinganisha, huduma wodini zilikuwa zimeboreka, na huenda baadhi ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kuvuka siku za hatari zaidi. Hata hivyo, shaka ya kisayansi huitaji kipimo, na kipimo hicho kilichelewa zaidi ya miaka ishirini.

Njia ilifunguliwa na manusura mmoja wa Kikwit. Miaka kumi na moja baada ya kuugua, damu yake bado ilikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi cha Ebola. Watafiti wa Marekani na Uswisi, wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya INRB ya Kinshasa, walitenga kutoka humo kingamwili iliyopewa jina mAb114. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba iliwaokoa nyani hata ilipotolewa siku tano baada ya maambukizi.

Mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 katika jimbo la Kivu Kaskazini ndio ulioleta fursa ya kuipima kwa wagonjwa. Jaribio lilianza Beni mwezi Novemba, chini ya jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Si jambo dogo kwamba lugha ya wagonjwa ndiyo iliyobeba jina la utafiti wenyewe, ingawa dunia inalijua zaidi kwa kifupi cha PALM. Dawa nne zililinganishwa, katika eneo lenye vita ambako vituo vya matibabu vilishambuliwa. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa wazi: kati ya waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35, na kati ya waliopewa ZMapp, iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, asilimia 50. Kwa waliofika na kiwango kidogo cha virusi mwilini, vifo vya kundi la mAb114 vilikuwa takribani asilimia 10.

Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, na haki ya kuiendeleza ilikuwa tayari mikononi mwa kampuni ya Kimarekani. Chanzo chake kilikuwa Kikwit. Uwezo wa kuitengeneza haukuwa Kongo. Aidha, haitibu kila aina ya Ebola: mlipuko wa Uganda wa Septemba 2022 ulisababishwa na kirusi cha Sudan, ambacho mAb114 haikigusi.

Muyembe alikwisha kuchukua msimamo kabla ya idhini hiyo. Mwaka 2019 aliamua kwamba sampuli za damu za mlipuko wa Kivu zibaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aende Kinshasa.