Kanzu Kabla ya Mtoto

Methali ya Kiswahili yamkataza mtu kukata kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Maana yake ya ndani ni kuwa mwanadamu asijivunie kesho asiyoimiliki. Lakini maana yake ya nje ilitoka katika nyumba za watu waliokwisha kuona kanzu ikabaki na mtoto asibaki. Hata hivyo, walikuwapo wanawake walioshika desturi ya kinyume. Walikata, wakashona, wakakunja na kuweka tayari nguo za watoto ambao sura zao hazijaonekana wala majina yao hayajatajwa. Habari zao zaonyesha jinsi kazi ndogo ya sindano ilivyofungua mlango wa elimu ya uzazi.

Habari hizo zaanza kwa shati. Katika mwaka wa 1842, katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois huko Marekani, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho walikuwa wakijenga hekalu. Mshonaji mmoja, Margaret Cook, alitaka kuwashonea wajenzi mashati. Sarah Kimball alijitolea kitambaa, naye Cook akatoa ufundi wake. Kisha majirani wakaalikwa. Tarehe 17 Machi ya mwaka ule chama kikaundwa, na Emma Smith akawa rais wake wa kwanza. Kwa Kiswahili chama hicho huitwa Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama.

Mwaka uliofuata chama kiliteua wanawake kumi na sita, wanne kwa kila mtaa, wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana haja ya nini. Jambo hili lilikuwa na uzito kuliko ushonaji wenyewe. Mwenye kushona akiwa kwake huweza kushona nguo nzuri isiyohitajiwa na mtu. Mwenye kubisha hodi hujua ni nyumba gani mama anakaribia kujifungua, wala hana hata kipande cha shuka kuukuu cha kumpokelea mtoto.

Chama kilisimama katika mwaka wa 1844, na waumini wakahamia nyika za Utah kuanzia mwaka wa 1847. Huko wanawake walianza tena kidogo kidogo. Katika mwaka wa 1854 baadhi yao waliwashonea nguo wanawake na watoto wa makabila ya wenyeji wa asili ya nchi ile. Mwishoni mwa 1867 chama kilianza kurudishwa, na Eliza R. Snow akazunguka miji na vijiji akikisimamisha. Katika mikutano yao wanawake walishona vikanzu vya watoto wachanga, na mikono iyo hiyo ilishona mavazi ya maziko. Aghalabu nguo hizo mbili zilihitajiwa katika nyumba moja, na pengine katika juma moja. Hapo ndipo ilipobainika kwamba upendo peke yake haukutosha. Kikanzu chaweza kumkinga mtoto na baridi, lakini hakiwezi kuzuia homa ya uzazi kwa mama, wala pepopunda iingiayo kwa kitovu kilichofungwa kwa kitambaa kichafu.

Kwa sababu hiyo wanawake walitafuta elimu. Ellis Reynolds Shipp aliwaacha wanawe mikononi mwa wake wenzake, akaenda kusoma uganga katika chuo cha wanawake cha Philadelphia. Alijifungua mtoto wa kike akiwa bado masomoni, akahitimu katika mwaka wa 1878. Mwaka uliofuata alifungua shule ya ukunga na uuguzi mjini Salt Lake City, na mamia ya wanawake wakafundishwa naye. Yeye mwenyewe alizaa watoto kumi, na baadhi yao aliwazika wangali wadogo. Hakuna aliyehitaji kumweleza maana ya kanzu iliyobaki bila mtoto.

Elimu haina budi kuwa na fedha, na fedha ilitoka mahali pasipotazamiwa. Tangu mwaka wa 1876 wanawake wa chama waliweka akiba ya ngano kwa ajili ya siku za njaa. Waliokota masazo ya mavuno mashambani, wakanunua nyingine, wakajenga maghala. Katika mwaka wa 1918, wakati wa vita kuu, waliiuzia serikali ya Marekani ngano zaidi ya busheli 200,000. Fedha ile haikutapanywa. Iliwekwa amana, na faida yake ikatumiwa kuwahudumia kina mama na watoto wachanga.

Katika mwaka wa 1921 Marekani ilipitisha sheria ya Sheppard-Towner, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa afya ya wazazi na watoto. Amy Brown Lyman, kiongozi wa chama, alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la Utah mwaka wa 1922, naye akasimamia hoja ya jimbo hilo kuipokea sheria hiyo. Katika miaka ile wanawake wa chama walitayarisha masanduku na mafurushi ya uzazi: shuka, vitambaa safi, nepi na vikanzu. Ushonaji ulikuwa ule ule wa zamani, lakini sasa usafi wa kitambaa ulihesabiwa kuwa sawa na joto lake. Sheria ya Sheppard-Towner ilikoma mwaka wa 1929, hasa kwa upinzani wa chama cha madaktari. Sindano za wanawake hazikukoma pamoja nayo.

Si haki kusema kwamba mafurushi yale ndiyo yaliyowaokoa watoto. Maji safi, madaktari, wakunga na chakula bora vyote vilikuwa na sehemu yao. Lakini furushi lilifika mapema kuliko daktari, nalo lilibebwa na mwanamke aliyemjua mzazi kwa jina. Methali ilisema kweli kwamba kesho haina mwenyewe. Wanawake wale hawakuipinga. Walikata kanzu kwa kuwa walijua kuwa mtoto huenda asifike, wakaona ni aibu akifika na asikute chochote cha kumfunika.