Chai ya Wakanton Ugenini

Msafiri afikapo mji asioujua hutafuta pa kulala, kisha hutafuta pa kula, na katika mambo hayo mawili la pili ndilo limponzalo mara nyingi zaidi. Ikiwa atamani chakula cha Kichina katika miji ya Marekani na Kanada, hatachoka kutembea: taa nyekundu na joka la dhahabu juu ya mlango huonekana kutoka mbali. Lakini akitaka dimsamu, yaani vile vitafunio vya asubuhi ambavyo watu wa Canton hula pamoja na chai, joka hilo halimwambii neno. Aghalabu meza iliyo bora haimo katika mtaa wa Wachina ulio maarufu, bali iko nje ya jiji, katika kitongoji ambacho wasafiri wa zamani hawakuwa na sababu ya kukipitia. Jambo hili si la bahati. Ramani ya chai hiyo ilichorwa kwa sehemu kubwa na sheria za uhamiaji, nayo haisomeki vyema kwa mtu asiyezijua.

Asili ya desturi yenyewe ni bonde la Mto wa Lulu, katika jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina, ambalo mji wake mkuu, Guangzhou, uliitwa Canton na Wazungu. Huko nyumba za chai zilistawi sana katika karne ya kumi na tisa, na kwenda kuketi humo kuliitwa yamcha, maana yake kunywa chai. Jina hili lastahili kuangaliwa, kwa kuwa chakula hakikutajwa ndani yake. Chai ndiyo bwana wa karamu, na vitafunio ni wafuasi wake. Kipimo cha mtu wa kawaida kilikuwa kikombe kimoja na vipande viwili, na msemo huo ungali hai vinywani mwa Wakanton. Dimsamu, kwa maana ya maneno yake, ni kuugusa moyo tu. Si kulijaza tumbo. Mswahili aliyezoea kuzungumza asubuhi kwa chai na kitumbua hahitaji kufafanuliwa sana starehe hii. Hata neno chai alilo nalo ni la ukoo ule ule: latokana na cha la Kichina, lililopita Uajemi na Bara Hindi, ilhali te la watu wa pwani ya Fujian lilipakiwa katika merikebu za Waholanzi likazaa majina ya kinywaji hicho katika Kiholanzi na Kiingereza.

Vitafunio hivyo ni vya namna nyingi, na mpishi hupimwa kwa kimoja, hagao, ambacho ni kamba wa baharini waliofunikwa kwa ngozi ya unga iliyokunjwa mikunjo midogo midogo. Ngozi hiyo yapasa kuwa nyembamba hata rangi ya kamba ionekane, na imara hata isipasuke inapoinuliwa kwa vijiti. Ikikaa kitambo kidogo baada ya kutoka katika mvuke hugeuka kuwa ngumu. Nyama ya nguruwe imo katika vitafunio vingi vya aina hii, kwa hiyo msafiri Mwislamu hana budi kuuliza kabla ya kula. Lakini asidhani kwamba mlango umefungwa mbele yake, kwa maana katika Hong Kong, mtaa wa Wan Chai, ndani ya jengo moja na Msikiti wa Ammar, pana ukumbi uandaao dimsamu halali.

Katika tabia hiyo ya chakula ndimo ulipo ufunguo wa historia yake. Kazi ni nyingi, nayo huanza usiku; bei ya kila kikapu ni ndogo; na kilichopikwa hakiwezi kungoja. Nyumba ya chai haiwezi kuishi kwa wageni wachache wapitao njia. Yahitaji mamia ya watu walio jirani, waijuao ladha tangu utotoni, wajao na wazee na watoto wao, na wasioona haya kukirudisha kikapu kilichopoa. Pasipo umati wa namna hiyo mpishi hodari hukata tamaa, au hugeuza mapishi yake yawafae watu wengine. Kwa hiyo kuuliza dimsamu nzuri iko wapi ni kuuliza Wakanton waliruhusiwa kukaa wapi pamoja na jamaa zao. Kwa muda mrefu jibu katika Marekani lilikuwa kwamba hawakuruhusiwa.

Walipofika San Francisco, baada ya dhahabu kuonekana California mwaka 1848, hawakuchukiwa mara moja. Nyumba zao za chakula zilitambulikana kwa bendera za hariri za rangi ya manjano, na wachimba dhahabu wa kila taifa waliziendea kwa furaha, kwa kuwa chakula kilikuwa kingi na bei yake haikuumiza. Maelfu ya Wachina wakajenga upande wa magharibi wa reli iliyoyaunganisha mapande mawili ya nchi, ambayo ilikamilika tarehe 10 Mei, 1869. Kazi ilipopungua, shukrani ilipungua pia. Sheria ya mwaka 1875 iliwazuia wanawake wa Kichina kuingia, ingawa maneno yake yalitaja waovu tu. Na ile ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wote wa taifa hilo. Mwaka 1885, katika Rock Springs, Wyoming, wachimba makaa wa Kichina 28 waliuawa na nyumba zao zikatiwa moto. Waliosalia nchini walisukumwa kutoka migodini, viwandani na mashambani, wakaangukia kazi mbili ambazo mzungu hakuzionea wivu, nazo ni udobi na upishi.

Hapo ndipo ilipozaliwa chopsui, mchanganyiko wa nyama na mboga katika mchuzi mzito, ambao Wamarekani waliuhusudu mwishoni mwa karne ile. Masimulizi husema kwamba ilibuniwa kwa ajili ya Li Hongzhang, mjumbe wa mfalme wa Uchina aliyezuru New York mwaka 1896. Masimulizi hayo ni matamu lakini si ya kweli, maana chakula cha jina hilo kilijulikana kabla ya safari yake.

Sheria ya 1882 ilikuwa na tundu moja. Mfanyabiashara hakuhesabiwa kuwa kibarua: aliweza kwenda kwao na kurudi, na kumleta mkewe na wanawe. Kwa miaka mingi mwenye hoteli ya chakula hakuhesabiwa katika kundi hilo, mpaka mahakama ilipokubali mwaka 1915 kwamba naye ni mfanyabiashara. Masharti yake yalikuwa ya ajabu. Hoteli ilipaswa kuwa ya daraja la juu, wala mwenyewe hakuruhusiwa kufanya kazi ya mikono ndani yake kwa muda wa mwaka mmoja: asipike, asioshe sahani, asipeleke chakula mezani. Jamaa na marafiki walichanga fedha zao wakafungua hoteli moja kubwa; mmoja akavaa koti, akaketi penye sanduku la fedha kwa muda uliotakiwa, akapata karatasi zake, kisha akampisha mwenziwe. Aliyekuwa mpishi mwaka huu alikuwa bwana mwaka ujao, na bwana akarudi jikoni. Hoteli za Kichina zikaongezeka kwa wingi katika New York na miji mingine, na sababu haikuwa ulafi wa Wamarekani peke yake.

Wajuzi wa chakula wa siku hizi huicheka chopsui, wakasema si chakula cha Kichina. Katika hukumu ya ulimi huenda wana haki. Katika hukumu ya historia wanakosa adabu, kwa kuwa sahani hiyo iliyodharauliwa ndiyo iliyolipa nauli za wake na watoto ambao dola haikutaka kuwaona. Mpishi aliyejua kukunja hagao alikaanga chopsui mchana kutwa, wala hakuwa amesahau kazi yake. Hakuwa na wa kumpikia.

Hata sura ya mtaa wa Wachina, ile inayomvutia msafiri, ni zao la dhiki hiyo hiyo. Tetemeko na moto wa Aprili 1906 uliiteketeza San Francisco, na wakuu wa mji walitaka kuwahamishia Wachina pembezoni, mahali paitwapo Hunters Point. Matajiri wa Kichina waliwahi kujenga upya mahali pao, nao wakaajiri wasanifu wa Kizungu wawachoree mapaa yaliyopinda na minara ya rangi, mithili ya Uchina iliyokuwa ndotoni mwa Wazungu. Hila ikafaa: mji uliona faida ya watalii, na Wachina wakaachwa. Basi paa lililopinda ni kumbukumbu ya watu waliokataa kuhamishwa, na lastahili heshima kwa sababu hiyo. Ila halisemi lolote juu ya jiko lililo chini yake.

Nyumba chache ziliishika chai ya asili. Mashuhuri katika New York ni Nom Wah, iliyofunguliwa mwaka 1920 katika Doyers Street, njia fupi yenye kona kali katikati ya mtaa wa Wachina. Lakini wanywaji wake hawakuweza kuwa wengi. Sheria ya kuwazuia Wachina ilipofutwa mwaka 1943, kwa kuwa Uchina ilikuwa rafiki wa Marekani vitani, idadi ya walioruhusiwa kuingia kwa mwaka iliwekwa kuwa watu 105. Idadi hiyo haikujaza ukumbi mmoja wa yamcha.

Kanada haikuwa na huruma zaidi. Ilimtoza kila Mchina aliyeingia kodi ya kichwa ya dola 50 tangu mwaka 1885, ikaipandisha hadi 100, kisha mwaka 1903 ikafika 500. Na mwaka 1923 ikafunga mlango kabisa hadi 1947.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1965, iliyoacha kuwahesabu watu kwa asili ya taifa lao na kutoa nafasi kwa jamaa na wenye ujuzi. Kanada nayo ikabadili kanuni zake katika miaka hiyo hiyo. Waliokuja sasa hawakuwa wanaume wapweke wa mashambani. Walikuwa watu wa Hong Kong na Taiwan, wengi wao wenye elimu na mali, nao hawakutaka vyumba vyembamba vya mtaa wa zamani. Walinunua nyumba vitongojini. Monterey Park, mashariki ya Los Angeles, ilibadilika upesi hata hesabu ya watu ya mwaka 1990 ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wake ni wa asili ya Asia, nako hakukukosekana ugomvi mkali juu ya lugha ya mabango ya maduka. Kisha Uingereza na Uchina zikapatana mwaka 1984 kwamba Hong Kong itarudishwa mwaka 1997, na hofu ya siku hiyo ikawasukuma maelfu kwenda Vancouver na Toronto. Wapishi waliwafuata walaji wao. Richmond, kusini ya Vancouver, ambako zaidi ya nusu ya watu ni wa asili ya Kichina, imekuwa moja ya mahali pa kwanza panapotajwa wanapohesabiwa wapishi bora wa dimsamu walio nje ya Asia.

Msafiri aendaye huko asitazamie joka. Atakuta jengo la maduka lisilo na sura, na uwanja wa magari mbele yake. Na awahi kabla ya adhuhuri, kwa kuwa yamcha ni jambo la asubuhi. Vigari vya kusukumwa vilivyojaa vikapu vya mwanzi vyapendeza macho, lakini nyumba nyingi hodari zimeviacha. Mlaji huandika alama kwa kalamu katika karatasi, na kila kikapu hutoka jikoni kikiwa moto. Atazame meza zilizo kando: akiona bibi, mwana na wajukuu wamezunguka buli moja, ameongozwa vyema. Mtumishi hatamwuliza kwanza atakula nini. Atamwuliza atakunywa chai gani. Akimiminiwa na mwenziwe agonge meza kidogo kwa ncha za vidole viwili, ndiyo shukrani ya Wakanton. Na maji yakimwishia asipige kelele, bali afunue kifuniko cha buli akiache wazi, naye mtumishi atakuja.