Sumaku Inayozaliwa na Kasoro

Somo la sumaku, liwe linafundishwa Kibaha Sekondari au Minaki kule Kisarawe, huanza vilevile: sumaku chini ya karatasi, chembechembe za chuma juu yake, mwalimu anagonga karatasi kwa kidole na chembe zinajipanga. Kisha wanafunzi wanakariri: chuma, kobalti, nikeli. Kaboni haimo, wala rodi, metali ghali ya jamii ya platinamu.

Orodha hiyo ni ya kweli kwa kipande kizima. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walipima vishada vya rodi vyenye atomu chache tu, wakakuta vina usumaku. Atomu iliyo pembezoni mwa kishada ina majirani wachache, hivyo baadhi ya elektroni zake hubaki bila mwenza, na hapo ndipo usumaku unapotoka.

Zamu ya kaboni ilikuja kupitia kinywe, madini yanayopatikana Mahenge na Ruangwa. Kinywe ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana. Philip Wallace alikokotoa tabia ya tabaka moja mwaka 1947, ila hakuna aliyelitenga na kulipima hadi 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov walipolibandua kwa seloteipu mjini Manchester. Tabaka hilo, grafini, liliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Grafini safi haina usumaku wa kutajika. Ing'oe atomu moja, nao unajitokeza tunduni. Vipimo vya Manchester vya mwaka 2012 vilithibitisha hilo, japo kila tundu lilikuwa sumaku ya peke yake. Hata kwenye baridi kali mno matundu hayo hayakujipanga yenyewe kuelekea upande mmoja.

Je, tunduni ukiweka metali? Matundu hayo huzikamata atomu za metali zisiteleze na kurundikana. Hesabu zilizofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 2009 zilileta jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: chuma, baba wa sumaku, kikiwekwa kwenye tundu la atomu moja kinapoteza usumaku wake, kwa kuwa elektroni zake zinamalizwa na kaboni zinazokizunguka. Panua tundu liwe la atomu mbili, usumaku unarudi.

Kazi ile ilifanywa kwa kompyuta. Programu za hesabu za namna hiyo zipo za bure, Quantum ESPRESSO ikiwa mojawapo, na shule ya Kiafrika ya kuzifundisha, ASESMA, ilianza Cape Town mwaka 2010, ikafika Eldoret mwaka 2012 na Kigali mwaka 2023. Walimu wa fizikia wa Pwani, waambieni vijana wenu wanaoelekea chuo kikuu kwamba mlango huo uko wazi.