Leza ya karakana, vichwa vya TAZARA na swali la baba mkubwa

Najua nimepotea. Si disko wala sapu, nipo hai. Ni kwamba wiki 3 hizi jioni zangu zote zimeishia karakana.

Ipo hivi. Hapa chuoni kuna mashine ya leza ya kukatia mbao na plastiki. Sisi tuliikuta imefunikwa shuka, watu wanaweka madesa juu yake. Kila anayeingia mwaka wa kwanza anaambiwa "ile mbovu", naye anamwambia anayemfuata. Tukaomba ruhusa, tupo wanne. Umeme unaingia, kichwa chake kinatembea vizuri tu, ila mwali hautoki. Nikajua bomba limekufa, na bei ya bomba jipya... bumu letu wote wanne tukichanga bado halifiki.

Nikampigia baba mkubwa Vwawa. Miaka ya 80 alikuwa fundi wa vichwa vya treni TAZARA. Leza hajawahi kuiona kwa macho. Shikamoo, marahaba, nikaanza kumweleza, na kabla sijamaliza akauliza, "Maji yanazunguka?"

Hayazunguki! Moyo wa mashine hii ni bomba la kioo lenye gesi ya kaboni dayoksaidi, nalo linapozwa kwa maji. Maji yasipopita, mashine yenyewe inagoma kuwaka ili kioo kisipasuke. Tulipofungua pampu tukakuta utando wa kijani umevutika kama mlenda. Tukasafisha, tukabadili mipira, tukamaliza siku 2 kunyoosha vile vioo vinavyoelekeza mwali, na jana ikakata plaiwudi. Kelele tulizopiga, mlinzi alikuja mbio.

Sasa kwa nini mzee aliwaza maji kwanza? Hapo ndipo nilipoacha leza nikaingia maktaba.

Sisi watoto wa Tunduma TAZARA tunaijua kama mluzi wa usiku. Shuleni tulikariri: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mkopo wa China usio na riba, ujenzi 1970, reli kufika Tunduma 1973, kukabidhiwa Julai 1976. Sababu nayo tuliikariri. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikataka njia ya kutolea shaba isiyopita kwao. Somo likaishia kwenye picha ya Nyerere na Kaunda. Kilichofuata baada ya 1976 hakuna aliyetufundisha.

Kilichofuata ni vichwa kuharibika. Vile vya kwanza vilitoka China, vya dizeli, na nguvu yao ilikuwa ndogo kwa milima iliyopo kati ya Mlimba na Makambako. Wanaopafahamu pale wanajua, ni mahandaki na madaraja mwanzo mwisho. Injini zikapanda na mzigo zikichemka, zikarudi karakana, spea zikachelewa, kichwa kimoja kikawa kinanyofolewa vifaa ili kingine kitembee. (Mchezo huu hata kwenye kompyuta za hapa tunaufanya, tusijifanye watakatifu.)

Na matokeo yake hayakuishia karakana. Oktoba 1978 Kaunda akafungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, kwa sababu mbolea ilikuwa imekwama na msimu wa kupanda unafika. Fikiria, reli iliyojengwa ili Zambia isimpigie magoti Ian Smith, na miaka 2 na kidogo tu tangu ikabidhiwe Zambia inarudi kule kule! Bandari ya Dar nayo ilikuwa imesongamana, hilo silikatai. Mwaka uliofuata wanajeshi wa Rhodesia wakalipua daraja la Chambeshi, mambo yakazidi kuwa mabaya. Ila vichwa vilikuwa vimeshachoka kabla ya baruti ya mtu yeyote.

Miaka ya 80 ndipo vikafufuliwa. Mwaka 1983 wataalamu wa Kichina walirudi kusaidia hadi kwenye uongozi. Vikanunuliwa vichwa vya muundo wa General Electric vilivyotengenezwa na Krupp, na baadhi ya vile vya Kichina vikatolewa injini za zamani na kufungwa za MTU za Ujerumani Magharibi. Kazi hiyo ndiyo aliyoikuta baba mkubwa. Anasema walipokuwa vijana, kabla ya kugusa kitu chochote, unaanza na maji, unafuata mafuta, unamaliza na hewa. Asiyeuliza hivyo alirudishwa kufagia.

Halafu ikalala tena. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, mwaka 2014/15 ilibeba kama tani 88,000. Mzigo wenyewe tuliuona Tunduma: malori, foleni hadi unachoka kuhesabu, hata baada ya kituo cha pamoja cha mpaka na Nakonde kuzinduliwa 2019.

Sasa kuna mkataba wa Septemba 2025, kampuni ya CCECC ya China kuifufua na kuiendesha kwa miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Nilimsomea mzee kwenye simu. Hakuuliza hela. Aliuliza vijana wangapi watapelekwa kujifunza, kwa sababu mwaka 1972 Watanzania na Wazambia wapatao 200 walipelekwa Beijing wakati reli yenyewe bado haijafika Tunduma. Sikuwa na jibu.

Jumamosi napanda basi kwenda Vwawa. Nimemkatia kichwa cha treni cha plaiwudi, pembe moja imeungua kidogo maana lenzi bado chafu. Nasikia ameshaniandalia maswali.