Kukata Masikio ya Mbwa Katika Uingereza

Desturi huzaliwa na haja, lakini si kila desturi hufa pamoja na haja iliyoizaa. Historia ya kukata masikio ya mbwa katika Uingereza yalidhihirisha jambo hili. Hapo kale mbwa walipiganishwa wao kwa wao, au waliachiliwa kumshambulia fahali aliyefungwa kamba. Katika mapigano ya namna hiyo sikio refu lilikuwa mshiko wa adui. Liliraruliwa upesi, likavuja damu nyingi. Wenye mbwa wakaona ni afadhali kulikata mapema. Tendo lilikuwa kali, lakini lilikuwa na sababu.

Mwaka 1835 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza michezo hiyo. Mapigano yaliendelea kwa siri hapa na pale, lakini heshima yake ilikwisha. Kisu hakikukoma. Mbwa walitoka katika uwanja wa vita wakaingia katika uwanja wa maonyesho, na sikio lililochongoka, ambalo zamani lilikuwa kinga, likahesabiwa kuwa uzuri.

Uzuri huo ulikuwa na gharama. Mtoto wa mbwa hukatwa akiwa na umri wa majuma 8 hadi 12 hivi, wakati gegedu la sikio lingali laini. Siku hizi, panaporuhusiwa, daktari wa wanyama humpa nusukaputi, hukata, kisha hushona ukingo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Baadaye masikio hufungwa utepe juu ya gango ili yasimame, na utepe hubadilishwa mara kwa mara kwa majuma mengi, pengine miezi. Kidonda chataka usafi na ukavu, na mbwa hana budi kuzuiwa asijikune. Kikifanya usaha, au kovu likivuta, sikio hupinda na taabu yote huwa bure.

Watetezi walidai kuwa sikio linaloning'inia huleta maradhi. Lakini spanieli, mwenye masikio marefu kupita mbwa wengi, hakukatwa. Kama kisu kingalikuwa tiba, yeye angalistahili kutibiwa kwanza.

Mwaka 1895 Edward, Mwana wa Mfalme aliyekuja kutawala kwa jina la Edward VII, aliandika barua ya kuipinga desturi hiyo. Kennel Club, chama kilichoundwa mwaka 1873 na kusimamia maonyesho, kikaamua kuwa mbwa waliozaliwa baada ya Machi 31, 1895, wasipewe tuzo wakiwa wamekatwa masikio. Ndipo wafugaji wa bull terrier walipochagua wazazi wenye masikio yaliyosimama kwa maumbile, hata umbo walilolitaka likapatikana bila jeraha. Ujerumani, nchi ya asili ya Dobermann, ilikataza ukataji huo mwaka 1987. Katika sehemu nyingi za Marekani ungali halali.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kati ya mwaka 1835 na 1895 ilipita miaka 60, na katika muda huo watu wengi, wala si wakatili wote, waliuguza kwa uangalifu majeraha waliyoyafanya wenyewe. Walijifunza kuosha, kufunga na kuponya. Swali la kwa nini mtoto mzima wa mbwa afanywe mgonjwa lilichelewa kuulizwa. Nalo lilipoulizwa, halikupata jibu.