Tiki na Sehemu ya Kijivu

Kwenye fomu ya karatasi, mtu ambaye hana mwenza huachiwa nafasi ya jina la mwenza vilevile. Ataipiga mstari, ataandika "hakuna", au atarudi dirishani kumuuliza karani. Kwenye kompyuta unaweka tiki katika kisanduku kidogo, sehemu iliyokuwa ya kijivu inakuwa nyeupe, na kishale cha kuandikia kinaanza kupepesa. Jambo hilo la kufumba na kufumbua liliwahangaisha waandishi wa programu kwa miaka.

Kijivu chenyewe kilitangulia wavuti. Macintosh ya Apple, iliyotoka Januari 1984, ilififisha maandishi ya menyu na vitufe ambavyo havingeweza kutumika kwa wakati huo. Kitu hakikufichwa. Kiliachwa mahali pake, kimefifia, ili mtumiaji ajue kipo ila zamu yake haijafika. Kwangu, katika historia yote hii hakuna uamuzi uliomheshimu mtumiaji kuliko huo.

Wavuti haikuurithi. HTML 2.0, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti iliyochapishwa Novemba 1995, ilikuwa na visanduku vya tiki na sehemu za kujaza, lakini haikuwa na neno la kuzima sehemu. Mwaka huohuo Brendan Eich wa Netscape aliunda lugha ya JavaScript, toleo lake la awali akilimaliza kwa siku 10 tu, na kurasa zikaanza kuitikia mkono wa mtu. Hapo ukazuka ujanja: ukibofya sehemu usiyotakiwa kuijaza, amri moja inakifukuza kishale papo hapo. Sehemu yenyewe ilibaki nyeupe kama zile nyingine. Unabofya, kishale kinaponyoka. Unabofya tena, kinaponyoka tena. Asiyejua siri hiyo angedhani kipanya kimeharibika.

Dawa ilikuja tarehe 18 Desemba 1997, shirika la W3C lilipoidhinisha HTML 4.0 yenye neno "disabled". Kivinjari cha Internet Explorer 4 kililielewa, cha Netscape 4 hakikulielewa, na hivyo ule ujanja ukaendelea kuishi kurasani.

Neno hilo lina tabia zake, na kila anayejifunza kazi hii huumizwa nazo. Kwanza, kuwapo kwake tu kunatosha: hata ukiandika kwamba thamani yake ni "false", sehemu inazimika vilevile. Pili, sehemu iliyozimwa haitumwi. Mteja akijaza anwani, kisha akaondoa tiki, maneno yake bado anayaona kwenye kioo, lakini kwenye seva hayafiki. Anayetaka sehemu isibadilike ila itumwe anapaswa kutumia neno jingine, "readonly". Tena kufuli hili ni la kivinjari tu. Mwenye ujuzi kidogo hulifungua, kwa hiyo seva lazima ikague upya kila inachopokea.

Linalonigusa zaidi ni la mtu asiyeona, anayesikiliza fomu ikisomwa na kompyuta huku akisogea kwa kitufe cha Tab. Sehemu iliyozimwa hurukwa. Kile kijivu cha mwaka 1984, kilichowekwa ili mtu ajue kitu kipo, kwake hakipo kabisa. Ndiyo maana kisanduku kinapaswa kutangulia sehemu kinayoifungua, na maneno yaliyo kando yake yaseme wazi: ukiweka tiki hapa, utaandika anwani ya pili.